Akikwambia Mungu amemwonyesha kuwa wewe ni mke wake

Dada yangu, kama kuna ndugu katika Bwana aliyekwambia juzi kwamba Mungu amemwonyesha wewe ndiye mke wake, naomba usome haya kabla hujamjibu.

Mimi niliambiwa hivyo mwaka 2016, kwenye benchi la bustani ya Jeevanjee, tukitoka ibada ya mchana. Wanaofanya kazi mjini Nairobi wanazijua ibada hizi: unatoka ofisini saa saba, unapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mnaimba, mnaombeana, saa nane umerudi kwenye meza yako. Aliyeniambia ndiye aliyekuwa akiongoza maombi. Alitoa daftari jeusi, akalifungua pale alipokuwa amekunja pembe ya karatasi, nikaona jina langu kwa wino wa buluu, na juu yake tarehe ya miezi miwili kabla hatujasalimiana. Nililia. Nilikuwa na miaka 31, na kila harusi niliyokwenda hapakukosa mama wa kuniuliza pilau yangu italiwa lini.

Sikumwuliza swali hata moja. Angalikuwa amesema tu kwamba ananipenda, ningemwuliza kwao ni wapi, ameshawahi kuoa, ana watoto. Lakini alisema ni Mungu, na mimi nimelelewa kwamba Mungu akisema mtu hunyamaza. Haikunijia kwamba aliyekuwa akisema pale ni mwanamume mwenye daftari, na tarehe mtu yeyote anaweza kuiandika siku yoyote.

Akaniomba tusimwambie mtu, adui asije akaivuruga ahadi. Nikaficha miezi saba, hata mama mzazi hakujua. Nikakopa shilingi 40,000 kwenye chama chetu cha akiba ili akajipange na mahari. Mahari yangu ilikuwa inatoka mfukoni mwangu, na sikuona ajabu.

Aliyenifumbua macho ni shangazi, alipokuja kunitembelea Donholm akakuta nimekonda. Hakunihubiria. Aliuliza, "Jumapili huwa anasali wapi?" Sikujua. Tulionana Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumapili yeye alikuwa daima "amealikwa kuhudumu mahali". Ibada za mchana zimenijenga na bado nazipenda, ila pale hakuna anayejua mwenzake analala wapi. Hakuna mzee wa kanisa anayemjua tangu ubatizo, hakuna jirani, hakuna aliyemwona akigombana na mtu au akimzika mzazi wake. Mtu anaweza kuwa mtakatifu saa moja kwa siku.

Nikaenda kwa mchungaji wangu, akanipa fomu ya ndoa. Ilitaka barua kutoka kanisa la nyumbani la bwana harusi. Nilimkabidhi yule ndugu fomu ile mkononi. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akasema ataishughulikia. Sikuiona tena. Mchungaji alipopiga simu mbili tatu kwa wenzake wa upande wa kwao, ikajulikana ana mke aliyemtolea mahari, na watoto wawili wanaosoma.

Nilikuwa nikiona masharti ya kanisa kama usumbufu. Sasa nayashukuru. Makanisa mengi husoma majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo, na kusudi lake ni hilo hilo, anayejua kizuizi aseme. Rafiki yangu Mkatoliki alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, wala si kile cha zamani kilichowekwa kabatini, kwa sababu parokia huandika ndoa ya mtu kwenye kitabu kile kile cha ubatizo wake. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ilani ya siku zisizopungua 21 kwa ndoa ya serikali, na inamkataza aliyeoa kimila kufunga ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine. Kwa hiyo harusi niliyokuwa nikiiota isingekuwa ndoa kabisa, hata kama ningevaa shela.

Wengine wataniambia nazima Roho. Hapana. Naamini Mungu huongoza watu kwenye ndoa. Soma Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke, aliomba ishara pale kisimani, akapewa ile ile aliyoomba. Je, alimficha Rebeka? Alikwenda nyumbani kwao siku hiyo hiyo, akakataa kula mpaka ameeleza habari yake yote mbele ya jamaa. Na baada ya ishara yote hiyo bado walimwita binti wakamwuliza kama atakwenda na mtu huyu. Abrahamu mwenyewe alikuwa ameshasema, mwanamke asipokubali, mtumishi amefunguliwa kiapo chake. Ishara ilikuwa ya kweli, na bado binti aliulizwa.

Mume wa yule rafiki yangu alimwambia hivi: "Nimekuombea, na moyo wangu una amani. Omba na wewe, uniambie ukiwa tayari, hata ukisema hapana." Wiki iliyofuata akamwalika parokiani kwake, akamketisha karibu na mama yake. Hata wakiachana, angekuwa ameshaonekana naye mbele ya watu wake.

Basi wa kwako mwulize anasali wapi Jumapili, na uende bila kusubiri mwaliko. Nenda kwao mchana, na mtu mzima wa upande wako. Akisema iwe siri, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Pesa usitoe.

Na kama umeshatoa pesa, au umeshampa mwili wako, nakusihi usidhani sasa huna budi kuolewa naye ili dhambi ifunikwe. Hilo nusura linimalize mimi. Nilikwenda kwa mama mchungaji Alhamisi jioni, nikiwa nimejiandaa kukemewa. Alifunga mlango wa jikoni, akabandika chai, akakata mkate. Tulikunywa sufuria ile mpaka ikaisha ndipo nikaweza kusema, na muda wote huo hakuniuliza kwa nini.