Ukienda West Stow, nenda na mtu aliyewahi kupuliza kuni

Mara ya kwanza tulizunguka West Stow, kijiji cha makumbusho, mbio mbio. Tukapiga picha kila nyumba, watoto wakanuna, saa moja haikuisha tukawa tumerudi kwenye gari. Mara ya pili nilikwenda na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza. Tulitoka pale wanafunga.

Kijiji hiki kiko Suffolk, Uingereza, karibu na Bury St Edmunds. Waanglo-Saksoni, watu wa kale waliohamia Uingereza kutoka bara la Ulaya, waliishi hapo kuanzia karibu mwaka 420 hadi 650. Baadaye upepo ulikifunika kwa mchanga, ndiyo maana waakiolojia waliochimba kati ya 1965 na 1972 walikuta mengi. Nyumba unazoziona leo zimejengwa upya papo hapo.

Ushauri wangu: jumba kubwa liache kwanza, tafuta nyumba za mashimo. Wachimbaji walikuta mashimo yenye alama za nguzo, na zamani wataalamu walidhani watu walilala humo shimoni. Basi wakajenga nyumba moja hivyo, na nyingine yenye sakafu ya mbao juu ya shimo, kama wataalamu wa baadaye walivyodhani. Ingia zote mbili, ukae kidogo, halafu uamue mwenyewe ipi ungelea mtoto. Mimi ile ya kushuka shimoni sitaki hata kwa kodi ya bure.

Chagua siku yenye maonyesho, watu wanapovaa kizamani na kuwasha moto. Siku za kawaida unaweza kukuta nyumba tupu, na nyumba tupu haisemi kitu. Siku ile moto ulikuwa katikati ya nyumba, dohani hakuna. Dada mmoja akawa anaeleza kwamba moshi hupenya taratibu kwenye nyasi za paa. Mama hakungoja nimtafsirie. Alitazama juu kwenye masizi, akasema, "Hapa mbegu ya mahindi ingekaa mwaka mzima bila kubunguliwa." Nilipomtafsiria yule dada, aliacha maelezo yake akaanza kumuuliza Mama: unafungaje mahindi, unayatundika wapi, kuni gani? Nusu saa nzima nilikuwa mkalimani, na wageni wengine wamekaa chini wanasikiliza.

Vaa viatu vya matope. Na koti la kazini liache nyumbani. Langu lilinuka moshi wiki nzima, kwenye treni watu wakawa wananihama.