Supu ya bekoni, kabichi na viazi: chumvi na harufu

Dada, kwa kuwa umeeleza kwamba supu yako ilitoka na chumvi kali huku kabichi ikirojeka na kutoa harufu nzito, nadhani kosa limo katika mpangilio wa kupika, wala si katika vipimo.

Katakata gramu 200 za bekoni, uziweke katika sufuria nzito ambayo bado ni baridi, kisha uwashe moto mdogo ili mafuta yatoke polepole na vipande vigeuke rangi ya kahawia bila kuungua. Viepue, bakiza vijiko viwili vya mafuta, na humo ukaange kitunguu hadi kilainike. Ndipo utie viazi 4 vilivyokatwa pamoja na lita 1 na nusu ya maji, ukikwangua kwa mwiko ule ukoko wa kahawia ulioshika chini, maana ndimo ladha ilimojificha. Chumvi usitie kwanza, kwani bekoni yenyewe imehifadhiwa kwa chumvi.

Viazi vikilainika, baada ya dakika 15 hivi, ponda vichache ubavuni mwa sufuria ili supu iwe nzito, halafu tia nusu ya kabichi ndogo iliyokatwa nyembamba na uipike dakika 8 hadi 10 tu. Ikikawia motoni, salfa iliyomo ndiyo inayotoa harufu hiyo uliyoilalamikia.

Rudisha bekoni, nyunyiza pilipili manga, onja, na hapo ndipo uamue kama chumvi inahitajika.