Sekunde 20 hazikutosha pale Dunga

Pole, ndugu yangu. Unasema picha zako za Ziwa Victoria pale Dunga, Kisumu, zimetoka giza, ingawa ulitumia filamu ya ISO 50 (kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga), tundu la lenzi f/16 na filta inayopunguza mwanga mara 1000, ukahesabu sekunde 20. Hesabu yenyewe ni sahihi: kwenye jua kali bila filta ni 1/50 ya sekunde, mara 1000 ni sekunde 20. Ila mwanga ukiingia kidogokidogo hivyo, filamu huchoka. Kasi yake, yaani wepesi wa kushika mwanga, hushuka. Kwa filamu ya Ilford Pan F Plus, sekunde 20 hizo zifanye kama 54. Tripodi usiisimamishe juu ya mbao za daraja, mtu akipita zinatikisika. Panga picha kwanza ndipo ufunge filta, maana ukishaifunga huoni kitu. Mitumbwi inayoyumba itatoka kama ukungu, na mimi naipenda hivyo.