Mkono wa mtu wa forodha

Jumatatu iliyopita, kabla sijatoka kwenda shuleni, uliingia ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Lindi. "Shikamoo mwalimu. Usiku paa limevuja, vitabu vyangu vyote vya chini kabatini vimelowa. Mama anasema nivianike juani. Nifanyeje?" Alituma na picha. Vitabu kumi na saba vimelazwa kwenye mkeka, vimevimba kama mkate uliochovywa chai ukasahauliwa.

Nikamjibu hapo hapo: marahaba mwanangu, usivianike juani. Kisha nikaketi, na chai yangu ikapoa mezani, maana picha ile ilinirudisha kwenye jambo ninalolikwepa kwa zaidi ya miaka kumi.

Marehemu baba alikuwa karani wa forodha hapa Tanga. Hakuwa na mali ya kusifiwa, ila alikuwa na rafu moja ya vitabu, na juu yake Kusadikika ya Shaaban Robert. Ndani ya jalada aliandika jina lake kwa wino wa bluu, na mwaka: 1968. Kabla ya kukigusa alifuta mikono kwa leso. Na kila akikifungua alisema maneno yale yale: "Huyu alikuwa mtu wa forodha kama mimi."

Alikuwa anasema kweli. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu kabisa na mji wetu, mwaka 1909, na tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani katika idara ya forodha ya mkoloni, Pangani ikiwa moja ya vituo vyake. Kwa baba hilo halikuwa jambo dogo. Mtu aliyeshika kalamu ile ile, akajaza fomu zile zile, ndiye aliyeandika kitabu hiki. Nilipokuwa mtoto nilidhani baba anapenda kitabu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anamheshimu mwenzake wa kazi.

Mwaka 2014, baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilimwazima mwalimu mwenzangu kitabu kile. Aliniahidi wiki mbili. Kilirudi baada ya miezi minane. Jalada lilikuwa na duara la mafuta la kitako cha sufuria, mgongo umepasuka na kubandikwa selotepu, na kurasa za katikati zilikuwa zimelowa zikakauka zikiwa zimekunjamana. Nilimtazama nikisubiri neno. Alisema tu, "Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani." Hakuomba radhi siku ile, na hajaomba mpaka leo.

Lakini siwezi kumtwisha yote. Kosa lililokimaliza kitabu lilikuwa langu. Kwa uchungu nilikifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikakifukia chini kabisa ya sanduku la bati, nisikione. Masika ikaja, ikapita. Nilipolifungua sanduku, harufu ilinipiga kabla macho hayajaona. Madoa meusi na ya kijani yalikuwa yametambaa kutoka pembeni kuelekea kwenye maandishi. Kurasa zilikuwa zimegandana, nami kwa haraka nikaingiza kisu cha mezani kuzitenganisha. Herufi zilihama. Ukurasa mmoja ukaondoka na maneno ya mwenzake, yakabaki kinyumenyume juu yake kama muhuri. Niliketi sakafuni nikalia.

Siku zile ndipo nilipokutana na kisa cha Thomas Carlyle, mwandishi Mskoti wa zamani, na nakisimulia kila ninapopata nafasi. Mwaka 1835 Carlyle alimwazima rafiki yake, John Stuart Mill, mswada wa juzuu ya kwanza ya historia yake ya Mapinduzi ya Ufaransa. Hakuwa na nakala nyingine. Nyumbani kwa Mill, kama inavyosimuliwa, mtumishi alidhani ni karatasi za kutupa, akawashia moto. Mill alikwenda mwenyewe hadi kwa Carlyle, uso umemshuka, akamweleza. Carlyle na mkewe wakaishia kumliwaza yeye, wakimficha ukubwa wa hasara. Mill akatoa pauni 200 za fidia, Carlyle akakubali 100, akaketi kuandika upya. Kitabu kikatoka 1837.

Sikiliza basi: kuharibu kitabu cha mtu kunaweza kumtokea yeyote. Kinachotofautisha watu ni kwenda mwenyewe na kusema. Ukiazima kitabu kikapata ajali, nenda kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Usingoje akuulize. Unaposema "kilikuwa cha zamani" unamwambia kwamba hata babake alikuwa wa zamani.

Haya, mambo ya kumsaidia binti wa Lindi na wewe unayeishi huku pwani. Adui ni unyevu. Katika joto letu ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo siku ya kwanza ndiyo yenye thamani. Simamisha vitabu wima kivulini, vifungue kama feni ya mkono, acha madirisha wazi, washa feni polepole. Ingiza tisyu nyeupe kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe zikilowa. Usitumie gazeti, wino wake huhamia. Jua kali hukunja karatasi, hufifisha jalada na kukausha gundi ya mgongo mpaka ikatike. Kurasa zilizogandana zikilazimishwa zitachanika, na hili nimelilipia. Vikikaribia kukauka kabisa, vifunge na uviwekee kitu kizito juu ili vinyooke. Vikiwa vingi kuliko nguvu zako, vifunge kimoja kimoja na uviweke kwenye friza, baridi inazuia ukungu, halafu utoe vichache vichache na kuvikausha.

Ukungu uliokwisha kukauka ufute nje ya nyumba kwa brashi laini, umevaa barakoa. Selotepu usiguse, baada ya miaka inageuka njano na kuacha doa lisilotoka. Rafu isigusane na ukuta. Na mfuko wa nailoni, nasema tena, hapana. Kitabu kinataka hewa. Nilikinyima cha baba hewa, na nilichokipata mmekisikia.

Ila ushauri huo mtu anaweza kuusoma akausahau jioni. Kilichonibadilisha mimi ni visa. Tangu nijue watu waliviandikaje vitabu hivi, mkono wangu umekuwa mwingine.

Mchukue mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973. Miaka michache baadaye, katika gereza la Kamiti ambamo Abdilatif naye aliwahi kukaa, Ngũgĩ wa Thiong'o akaandika riwaya ya Kikuyu kwenye karatasi za namna hiyo hiyo, ile tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba karatasi zile zilikuwa ngumu, za kumtesa mfungwa, kumbe ugumu huo ndio uliozifanya zishike kalamu vizuri. Watu wamelinda maneno yao kwenye karatasi ya chooni ndani ya seli, nasi tunashindwa kukilinda kitabu chenye jalada ndani ya nyumba yenye paa?

Darasani nimeanza chemsha bongo ya waandishi kila Ijumaa, dakika kumi za mwisho. Rais gani alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili? Nyerere, Julius Caesar mwaka 1963, ambayo baadaye aliirekebisha ikaitwa Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi 1969. Nani alikuwa mkaguzi wa afya Unguja kabla ya kumzaa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake? Muhammed Said Abdulla. Mzaliwa gani wa Zanzibar alipigiwa simu ya Nobeli mwaka 2021 akadhani anataniwa? Abdulrazak Gurnah, na wiki nilipouliza swali hilo watoto walipanga foleni kuazima riwaya yake, Peponi. Tuna nakala mbili tu. Tangu chemsha bongo ianze, sijapokea kitabu kilichokunjwa pembe. Naona fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo wewe mzazi, usimwambie mtoto "tunza kitabu" kama unavyomwambia apige mswaki. Mwambie Kufikirika kilitoka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufa, kwamba mwenye kazi hakukishika mkononi. Kisha mpe akishike yeye.

Jana usiku binti wa Lindi alinitumia picha nyingine. Vitabu kumi na vinne vimesimama wima sebuleni, tisyu zinachungulia pembeni, feni inazunguka. Vitatu vimeshindikana. Nilikuwa nimemsimulia pia juu ya mbwa wa mwandishi Mmarekani John Steinbeck, ambaye mwaka 1936 alitafuna karibu nusu ya mswada wa Of Mice and Men, kazi ya miezi miwili. Akauliza: "Mwalimu, yule mbwa alifanywaje?"

Nikamwandikia kwamba alichapwa kidogo tu. Steinbeck alimwambia wakala wake wa vitabu katika barua kwamba hakutaka kumharibu mbwa mzuri kwa ajili ya mswada, halafu akaanza upya.

Baada ya hapo nilitoa Kusadikika ya baba. Siku hizi inakaa kwenye boksi la karatasi, rafu ya juu, mbali na ukuta. Kurasa thelathini na moja hazisomeki. Ukurasa wa kwanza umesalimika, na wino wa bluu haujahama. Nilifuta mikono kwa leso, nikaufungua.