Anayerudi alfajiri hajahama

SWALI: Mwalimu, ninaandika kazi yangu ya mwisho ya biolojia hapa Bukavu. Nimeandika: "Wanyama wadogo wa baharini huhama kila usiku, na sonari hufuatilia uhamaji wao." Mwenzangu anasema hapo "kuhama" hakufai. Nani yuko sawa?

JIBU: Mwenzako, mdogo wangu, na afadhali umeuliza kabla ya kuipeleka kwa profesa. Hili "hama" limenichosha. Siku hizi kila kinachosogea kimehama: mawingu yamehama, samaki wamehama, hata damu inahama mwilini! Ukoo wa neno unajulikana: hamia, hamisha, mhamiaji. Wote wanaacha makao.

Mama anayetoka Bagira asubuhi na beseni lake, akauza soko la Kadutu, jioni akarudi kulala Bagira, amehama? Kesho atatoka tena, keshokutwa tena, na bado ni mtu wa Bagira. Siku atakayobeba godoro, masufuria na watoto, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo, hapo amehama. Tena kwetu Kivu, ambako watu wamehama wakikimbia risasi, neno hilo ni zito. Lisitupwe ovyo.

Sasa watazame wanyama wako. Mchana wanajificha gizani, mamia ya mita chini, wasionwe na samaki wanaowinda kwa macho. Jua likizama wanapanda kula karibu na uso wa maji. Kukikaribia kucha wanashuka. Sonari, yaani chombo cha kupimia majini kwa sauti, hutuma mlio, mlio ukagonga tabaka lao, mwangwi ukarudi. Mwaka 1942, pwani ya California, watafiti waliokuwa wakijaribu sonari kwa ajili ya vita walipata mwangwi kama wa sakafu ya bahari, ilhali sakafu yenyewe ilikuwa chini zaidi. Mwaka 1945 Martin Johnson, mtaalamu wa viumbe vya baharini, akaonyesha kwamba "sakafu" hiyo hupanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo ni viumbe hai. Ukiandika "imehama", umemnyima msomaji jambo lenyewe: kule kurudi.

Wala usikimbilie "kuhamahama". Mfugaji wa kuhamahama hufuata malisho, harudi palepale kila alfajiri. Ndege wa misimu nawaachia neno "kuhama", maana huko waendako hukaa miezi.

Andika hivi: "Wanyama wadogo wa baharini hupanda kila usiku na kushuka kila alfajiri, na sonari hufuatilia mwendo huo kwa mwangwi." Profesa akidai "uhamaji", mwonyeshe ukurasa huu.