Usilegeze spoku! Kwa mdau anayetaka kushuka Kibosho na baiskeli ya tairi moja

Mkuu, weka hiyo spana chini kwanza. Umeandika kwamba umepata baiskeli ya tairi moja ya mtumba, inchi 24, tairi nene, unataka kushuka nayo kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, na fundi amekushauri ulegeze kila spoku nusu mzunguko ili gurudumu liwe laini kwenye mawe. Halafu ukauliza upepo, urefu wa kiti na pedali za kununua. Hayo yatafuata. Ushauri huo wa kulegeza ndio ulionivunja kifundo cha mkono, na naona umeshaanza kuutekeleza.

Niliambiwa maneno hayo hayo, tena na mtu mwenye sifa ya ufundi mtaani: ukikaza sana ringi itapasuka kwenye mawe, ilegeze ipate kunyumbuka. Ukisikia inaingia akilini. Nikalegeza. Nikazunguka mitaa ya Soweto hapa Moshi kwenye lami, gurudumu likatulia vizuri kabisa, nikazidi kuamini. Lami haipimi kitu. Nilipoipandisha kule juu, kwenye vinjia vya katikati ya migomba na kahawa, nikaanza kusikia tik, tik, kila ninapokandamiza pedali. Nikadhani ni changarawe inarukia fremu. Kumbe ni spoku zinasuguana pale zinapopishana, na nati zake, zile zinazoishika kwenye ringi, zinajifungua zenyewe kwa mtikisiko. Nikafika kwenye mfongo mmoja, mfereji wa maji ya mashambani, unaokatiza njia, nikaruka ukingo usiozidi futi moja, nikatua nimeegemea kidogo kushoto. Gurudumu likajikunja. Nusu ya ringi ikaenda huku, nusu kule, tairi likakwama kwenye mguu wa fremu, nami nikatangulia kwa mikono juu ya jiwe.

Mkono ulipona. Gurudumu halikupona. Ringi pana ya inchi 24 yenye matundu 36 huipati kwenye masoko ya hapa Moshi, Mbuyuni wala Memorial, na nilitafuta mpaka soko la Kilombero kule Arusha. Zilizopo ni za inchi 26 na 28, nyembamba, za baiskeli za kawaida. Ikabidi kuagiza nje, na usafirishaji ukazidi bei ya ringi yenyewe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba aliyenishauri, nilipomrudia na mkono umefungwa plasta, alisema ringi yangu ilikuwa dhaifu. Hakuuliza spoku zilikuwa na mkazo gani. Hakuzigusa hata moja. Na bado anawaambia watu walegeze. Yule ni hodari kwa baiskeli za kubeba mikungu ya ndizi, ringi za chuma ambazo ukizigonga kwa nyundo zinarudi, nami namheshimu kwa hilo. Lakini kuhusu ringi ya alumini inayorushwa kwenye mawe alikuwa anabuni, na akabuni kwa sauti ya mtu anayejua. Hilo silisamehi kirahisi.

Sasa nikueleze kwa nini alikosea, ili na wewe usije ukashawishika tena. Spoku ni waya. Haiwezi kusukuma, inavuta tu. Gurudumu limesimama kwa sababu spoku zote zinavuta kwa pamoja kutoka kila upande, mfano wa mlingoti wa antena ulioshikwa na waya pande zote. Ukikalia, spoku chache zilizo chini karibu na ardhi hupungukiwa mkazo, na nyingine zote hubaki karibu vile vile. Ukitua kutoka ukingoni, zile za chini hupungukiwa zaidi. Zikiwa zilikazwa vya kutosha, bado hubaki na mvuto kidogo na ringi inabaki imeshikwa kulia na kushoto. Zikiwa zilishalegezwa, mvuto unaisha kabisa kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho kipande cha ringi kilicho chini hakishikwi na mtu. Ukiwa umeinama upande, kinakimbilia upande huo.

Na ule ulaini unaoahidiwa haupo. Kulegeza hakumfanyi waya awe mpira. Maadamu spoku bado inavuta, ringi haizami hata milimita moja unapopita juu ya jiwe, iwe umekaza sana au kidogo. Kinachokula jiwe ni tairi. Tairi la inchi 3 linazama sentimita nzima na zaidi. Ukitaka ulaini utafute kwenye upepo, usiutafute kwenye spoku.

Kuna na suala la kuchoka kwa chuma. Spoku hukatika mara nyingi pale kwenye kona yake inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na haikatiki kwa pigo moja. Hukatika kwa kulegea na kuvutwa, kulegea na kuvutwa, maelfu ya mara. Watu wakiona spoku imekatika husema ilikazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake.

Kwa baiskeli ya tairi moja mambo ni magumu zaidi. Pedali zimeshikana moja kwa moja na habu, kwa hiyo kwenye mteremko miguu yako ndiyo breki: unasukuma nyuma njia nzima, na spoku zilizopumzika ulipokuwa unapanda ndizo zinabeba sasa. Kila ukikanyaga mguu mmoja, gurudumu linavutwa upande. Mzigo wote wa mwili uko juu ya ekseli moja, hakuna gurudumu la mbele la kusaidiana. Halafu unataka kuanza Kibosho, ambako ni kushuka mpaka mjini!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nakuomba uishike: gurudumu lisiguse njia ya mawe mpaka spoku zote ziwe zimekazwa sawa, zimebanwa jozi jozi kwa mikono, na kukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza.

Igeuze baiskeli juu chini, miguu ya fremu iwe kipimo chako. Funga kipande cha waya kwenye kila mguu wa fremu, ncha ikaribie ringi, uone ringi inapocheza. Tia tone la mafuta kwenye kila nati. Anzia kwenye valvu, robo mzunguko kila nati, mpaka urudi kwenye valvu. Usiwe na haraka ya kutoa mchezo wote kwenye spoku mbili tatu. Kila ukikaza, pitiliza kidogo kisha urudishe kidogo, maana waya hujisokota pamoja na nati na baadaye utajisokotoa njiani. Gonga spoku kwa ukucha usikilize. Habu ya baiskeli hii ina masikio, yaani zile sahani zenye matundu ya spoku, yaliyo umbali sawa pande zote mbili, kwa hiyo spoku za kulia na za kushoto zinatakiwa kutoa mlio mmoja. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia haliko hivyo, upande wa gia hukazwa zaidi, na fundi aliyezoea hilo anaweza kukufanyia hivyo hivyo bila kufikiri. Mkatalie.

Kisha vaa glovu, shika spoku mbili zinazoenda sambamba upande mmoja, zibane kwa nguvu zako zote, zunguka gurudumu zima. Utasikia zinalia na ringi itacheza tena kidogo. Ndivyo inavyotakiwa: zinakaa sawa kwenye viti vyake. Nyoosha tena, bana tena, mpaka ikibanwa haibadiliki. Ukipata mwenye kipimo cha mkazo, kwa ringi nyingi za alumini ni kilo 100 hadi 120 kwa kila spoku, ila kama ringi ina kikomo chake kimeandikwa, fuata hicho. Ukizidisha, alumini hupasuka kwenye matundu. Hatari hiyo ipo kweli, na dawa yake ni kupima. Kulegeza kila kitu si dawa.

Jambo la mwisho kuhusu ringi, kwa sababu yako ni ya mtumba. Pitisha kidole ukingoni. Ukikuta sehemu imebonyea, utaona na spoku za hapo zimelegea. Usizikaze! Ringi imesogea karibu na habu, ndiyo maana zimelegea. Ukizikaza unavuta ule mbonyeo uzidi kuingia. Hapo unalegeza kwanza zile za mbonyeo, unaisukuma ringi itoke nje kwa kipande cha mti na nyundo, taratibu, ndipo unakaza. Alumini inavumilia hilo kidogo tu. Ikibonyea pale pale mara ya pili, au ukiona ufa mwembamba unaotoka kwenye tundu la spoku, ringi hiyo imekwisha, hata kama inazunguka vizuri.

Upepo: tairi la inchi 3 wengi hukaa kati ya psi 15 na 20 kutegemea uzito. Kaa juu yake, ruka ruka mahali tambarare. Ukisikia ringi inagusa chini, ongeza.

Leo usiende. Piga picha matundu ya spoku kwa karibu, pande zote mbili, na sehemu yoyote iliyobonyea, uziweke hapa. Kama uko karibu na Majengo sema, nina spana ya nati na kipimo cha mkazo, tutakaza pamoja.