Bustani ya nyuma ya jiko: kulima na kupika na mtoto mdogo huku Dodoma

Ikifika mwishoni mwa Novemba mawingu yakianza kujikusanya, kila mtu huku kwetu Nzuguni anageuka mkulima. Utaona watu wananunua pakiti za mbegu za kila aina, karoti, kabichi, hoho, biringanya, wanalima uwanja wote mpaka mlangoni, alafu ikifika Februari ni magugu matupu na mbuzi wa jirani ndo wanaofaidi. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo ushauri wangu ni mmoja tu na mengine yote yanatokea hapo: bustani iwe ndogo, iwe karibu na jiko, na upande kile ambacho nyumbani kwako kinaliwa kila wiki, sio kile kinachopendeza kwenye picha ya pakiti.

Naongea kama baba. Mke wangu anafanya kazi ya zamu, kwaiyo jioni nyingi nabaki na binti yetu wa miaka minne, na wewe uliyewahi kubaki na mtoto wa umri huo kuanzia saa kumi jioni mpaka muda wa kulala unajua kwamba usipompa kazi, kazi yako itakuwa kumshusha juu ya kabati. Sisi ikifika saa kumi na moja jua likilegea tunatoka nyuma ya nyumba, tunamwagilia, tunachuma, tunaingia jikoni, tunapika, tunakula. Hakuna ratiba nyingine. Ndo maana nasisitiza karibu na jiko, maana mtoto huyo ukimpeleka shamba la mbali atachoka njiani umbebe na yeye na mboga.

Sasa maji, maana huku maji ndo bosi. Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600, baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi mpaka mwakani. Na bomba lenyewe kwenye mitaa mingi ni la mgao. Kwaiyo kabla hujapanda chochote kaa chini uangalie maji gani hapo nyumbani kwako yanamwagwa bure kila siku: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia nguo, ya kumwogeshea mtoto. Hayo ndo ukubwa wa bustani yako, yakitosha vijaruba viwili basi lima viwili. Ya sabuni kidogo sio mbaya ila mwagia kwenye udongo, usimwagie juu ya majani unayokula, na yale ya jiki au ya sabuni kali ya unga ya mfuo wa kwanza usiyapeleke kabisa.

Nimesema vijaruba kwa makusudi. Watu wengi wanainua matuta kama walivyoona Lushoto au Arusha, wanasahau kule mvua zipo na huku hazipo. Tuta lililoinuka kwenye udongo wetu huu mwekundu linakauka saa hizo hizo, maji unamwaga yanatelemka pembeni unabaki unamwagilia njia. Fanya kinyume, chimba ushuke chini kama kiganja hivi, changanya udongo na samadi iliyooza, zungushia kingo, alafu ukishapanda tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga juu. Maji yanakaa. Zile wiki za mvua kubwa unafungua kamfereji pembeni yasituame, basi. Samadi iwe imeoza kweli, iliyokaa miezi ikawa haina harufu, maana mbichi inaunguza miche na ina vijidudu, na mtoto anashika kila kitu alafu anaingiza vidole mdomoni.

Kama unatumia maji ya kisima onja kwanza. Sehemu nyingi huku visima vina chumvi na mtu anahangaika na maharage mwaka mzima hajui kwamba maharage na chumvi havipatani kabisa. Ukiona ukoko mweupe umejitokeza juu ya udongo ndo huo. Hapo panda spinachi, panda mchicha, hizi zinavumilia vumilia, maharage nunua sokoni.

Mimi kwangu ni mchicha, matembele, kunde za majani na miche michache ya sukuma. Basi. Mchicha unaula ndani ya wiki 3 au 4 na hiyo kwa mtoto ni jambo kubwa, yeye subira yake ni fupi. Kunde ni mboga ya mtoto haswa kwa sababu mbegu yake ni kubwa anaishika mwenyewe, anatoboa shimo kwa kidole mpaka kiungo cha kwanza, anaweka mbili, anafukia, na baada ya siku chache anaona kitu kimeinua udongo. Mbegu ya mchicha mpe ukiwa umeichanganya na mchanga mkavu, la sivyo anaimwaga yote sehemu moja. Matembele wala hayana ufundi, ni kipande cha shina unalaza kinaota. Nyanya nashauri uache mwanzoni, kuna yule mdudu wanamwita kantangaze anatoboa majani na matunda, utajikuta unapiga dawa kila mara na dawa na mtoto mdogo sitaki kusikia. Ukipiga dawa lazima usome kwenye kopo inasema usichume kwa siku ngapi, na mtoto wa miaka minne hasomi makopo, anapita anachuma anakula.

Kwenye kunde na sukuma wanakuja vidukari, wale wadogo wanajazana chini ya jani. Hao namwachia binti: kopo la maji, kitambaa, anawapangusa jani kwa jani na anawasema vibaya kabisa. Wakizidi napuliza maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kesho yake nasuuza. Majivu pia tunanyunyiza. Kuku ni tatizo kubwa kuliko wadudu wote, weka uzio wa mabua ya mtama, unakusaidia na ule upepo wa Julai na Agosti.

Kazi mpe ya kweli. Watoto wanajua wakidanganywa. Ukimpa kijiko aende achimbe pale pembeni wakati wewe unalima, baada ya dakika tano yuko miguuni kwako. Wangu kazi yake ni kumwagilia kijaruba kimoja, chake, kwa kopo la kilo moja tulilolitoboa matundu kwa msumari, na siku akigoma hakimwagiliwi na mimi simwagilii, kinanyong'onyea, tunakiangalia wote. Jikoni kazi zake ni kuchambua mboga, kutenga majani na vijiti, kumenya karanga, kuvunja yai kwenye bakuli (maganda utayatoa wewe), kukoroga kitu ambacho hakijakaa motoni. Jiko la mkaa liko chini, liko kwenye usawa wa mikono yake, kwaiyo mimi nimechora mstari wa chaki sakafuni kwenye baraza na hauvuki, hata iweje. Na mkaa uwe nje au kwenye baraza wazi, sio ndani mmejifungia, ule moshi usioonekana unaua.

Kuna maneno watu wanapenda kusema, kwamba mtoto akipanda mboga mwenyewe ataila. Aisee. Wangu alipanda bamia, akaimwagilia, akaichuma, akaibeba kwenye sahani kumwonyesha mama yake, na mpaka leo bamia haingii mdomoni kwake. Ila mlenda, mboga ya majani inayoteleza vile vile, anakula sahani nzima! Nielezeni tofauti. Kwaiyo usilime kwa tamaa hiyo utakata tamaa mapema. Nilichokiona mimi ni kwamba anakubali kuonja, maana anataka kujua ile kazi imetoa nini, na akishaonja mara nyingi nyingi vingine vinapita. Usimlazimishe na usimbembeleze na soda. Weka mezani, kula wewe, endelea na stori.

Huo mlenda nimefundishwa na mama mkwe, yeye ni wa Chamwino, na mimi niliyekulia Moshi nilikuwa naujua kwa jina tu. Wakati wa mvua unaota wenyewe mashambani, watu wanachuma, wanakausha, wanatwanga, ndo unaliwa kiangazi chote. Pale Majengo sokoni unaukuta ukiwa unga wa kijani. Tunafanya hivi: maji kidogo yachemke na nyanya mbili zilizokatwa na kitunguu, tunaweka karanga zilizosagwa vijiko vitatu vinne tulizozikoroga pembeni na maji ziwe laini, ziive kama dakika kumi huku unakoroga zisishike chini, chumvi, alafu unanyunyiza mlenda taratibu huku unapekecha. Dakika chache tu. Siku ya kwanza nilichukua mfuniko, mama akaniambia, "Baba, mlenda haufunikwi," na kweli ulikuwa umeshaanza kupanda juu ya sufuria. Magadi wengine wanaweka ili ulainike, yeye anaweka chembe tu, na mimi siweki kabisa maana magadi yanaharibu vitamini kwenye mboga na ukiwa na karanga huoni tofauti. Unakula na ugali wa uwele, wa moto, na mtoto anajifunza kumega na kukata ule utelezi kwa kidole. Nguo zitachafuka, mvue shati.

Siku nyingine ni mchicha au matembele ya karanga, mtindo ule ule ila unaanza na kitunguu kwenye mafuta ya alizeti na mboga inaingia mwisho kabisa, inageuka rangi unaepua. Acha ile tabia ya kuchemsha mboga nusu saa na kumwaga maji, unamwaga chakula. Kamulia limau juu au weka nyanya, mwili unachukua madini ya chuma kwenye mboga vizuri zaidi ukiwa na vitamini C, na chai ya rangi ipeleke mbali na mlo maana yenyewe inazuia. Siku za uvivu: mayai mawili matatu yaliyokorogwa na mchicha uliokatwa mdogo mdogo, kwenye kikaango, na wali uliobaki mchana. Jumapili kande, mahindi na maharage vililowekwa toka jana yake, vikishaiva unatia majani ya kunde na karanga, sufuria moja watu wote wameshiba.

Kwenye karanga hapa nisimame kidogo maana hili halina utani. Mwaka 2016 watu walifariki hapa Dodoma na kule Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ni sumu ya fangasi, inaingia kwenye mahindi na karanga zilizokauka vibaya au kutunzwa kwenye unyevu, na haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kwaiyo usinunue karanga iliyosagwa tayari ambayo hujui imetoka wapi. Nunua punje, kaa chini na mtoto mchambue, zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zote tupa, wala usimpe kuku. Binti yangu kwenye kuchambua ni mkali kuliko mimi, anatupa mpaka nzima. Alafu ndo unakaanga na kusaga. Na punje nzima mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe kutafuna, zinapalia, zake ziwe zimesagwa.

Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mkitoka bustanini kabla ya kugusa chakula, na mboga inaoshwa maji mawili matatu, hayo maji yanarudi kwenye kijaruba.

Kuhusu mbegu usitumie hela nyingi. Kunde za kula za sokoni zinaota vizuri tu, chagua zisizotobolewa. Mchicha acha miche miwili mitatu mikubwa usiichume, itatoa vichwa, vikikauka unapukuchua kwenye karatasi na una mbegu za msimu mzima. Matembele ukiona mtu anakuuzia vipande shangaa, hayo yanaombwa kwa jirani, na jirani akiwa anamwagia maji yake ya kuoshea vyombo mpaka yanavuka uzio kuja kwako, kata tu alafu mwambie jioni.